Shangazi ananiachia nyumba ya shirika, mume wangu hataki kusikia

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu, maana shangazi yangu anaifuatilia safu hii. Asipoisoma mwenyewe, wajukuu humsomea.

Naishi Tabata Kimanga na mume wangu na watoto wetu watatu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kariakoo kwenye fremu tunayochangia mafundi wanne. Mume wangu ni fundi umeme katika kiwanda kimoja Chang'ombe. Tumepanga vyumba viwili, sebule na choo cha ndani kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita. Kwa hiyo kila nusu mwaka inatakiwa 2,100,000 iwe mkononi. Mwezi wa kodi ukikaribia, nyumba nzima inanuna. Mimi naomba zamu yangu ya kijumbe isogezwe mbele, yeye anakopa kazini, ada za watoto zinasubiri. Juzi mwenye nyumba kapiga simu: kuanzia mwezi wa tisa ni 400,000, kama hatuwezi tuseme mapema amwambie dalali.

Sasa nije kwa shangazi. Ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenipokea nilipokuja mjini kusoma. Anaishi Ilala, ghorofa ya tatu, katika nyumba za shirika moja la umma, tangu enzi za marehemu mumewe. Ana vyumba viwili, sebule, jiko na roshani. Kodi yake ni 170,000 na analipa mwezi kwa mwezi. Magoti yamechoka, ngazi zimemshinda, anataka kurudi Muheza alikojenga. Mwezi uliopita aliniita akaniambia: "Hamia wewe na wanao. Lipa kodi kwa jina langu kama kawaida, usimtangazie mtu, na mimi uwe unanitumia laki moja kila mwezi ya dawa na sukari."

Anti, siku hiyo nilitoka pale roho kwatu. Ilala hadi Kariakoo naenda kwa miguu. Mume wangu naye yuko jirani na kazi. Na hiyo ya kulipa mwezi kwa mwezi ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Nilipomweleza mume wangu, alikataa kabla sijamaliza. Anasema nyumba za shirika zinalaza watu, wamezeekea humo wakisema watajenga mwakani. Tuna kiwanja Chanika, jamvi limeshamwagwa, na tofali zimepangwa pembeni zinaota majani. Yeye anataka tuezeke vyumba viwili tuhamie hivyo hivyo bila plasta, mengine tumalizie tukiwa ndani. Mimi nikiwaza foleni ya Gongo la Mboto alfajiri na watoto mgongoni mwa daladala, nguvu zinaniisha.

Halafu akatokea binamu yangu mkubwa, anayekaa Temeke. Anasema nyumba ile ni ya familia, wao wamezaliwa humo, kwa hiyo kama naingia mimi niwape kilemba cha milioni tatu, yaani fedha ya kuachiwa nyumba, wagawane. Shangazi aliposikia alinyamaza tu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Na wala sisemi kule ni peponi. Masika chemba zinafurika, maji hayapandi hadi juu, unabeba ndoo. Bomba la bafuni linavujia kwenye dari ya jirani wa chini. Shangazi aliripoti, mafundi walichukua muda mrefu kuja, wakaziba, likavuja tena. Halafu kila mwaka kuna uvumi kwamba nyumba zitabomolewa zijengwe ghorofa ndefu.

Nimkatalie shangazi aliyenilea? Nibishane na mume wangu mpaka akubali? Au niende nikaishi msituni Chanika? Mimi nataka tu kupumua na kodi.

Mpangaji wa Tabata, Dar es Salaam

*

Marahaba, mdogo wangu. Na shangazi, kama wajukuu wanakusomea hapa, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujampigia simu mwanao.

Barua yako ina nyumba tatu: ya Tabata inayowakamua, ya Ilala mnayoitiwa, na ya Chanika ambayo bado ni jamvi. Wewe umeipenda ya pili, mume kaishikilia ya tatu, na mwenye nyumba wa kwanza kawawekea saa. Juu ya hapo kuna deni la malezi kwa shangazi, na binamu mwenye mkono uliokunjuliwa. Kwa mzigo huo, kukosa usingizi si ajabu.

Naomba tuanze na hesabu, kwa sababu naona umeiangalia 170,000 ukaishia hapo. Kwako wewe kodi ya Ilala ni 270,000, kwa kuwa laki ya shangazi imo. Ukiilinganisha na 400,000 mnayodaiwa kuanzia mwezi wa tisa, nafuu ni 130,000 kwa mwezi, pamoja na nauli mtakayookoa. Si haba hata kidogo. Lakini ukitoa kilemba cha milioni tatu, utaishi humo karibu miaka miwili ndipo uanze kuonja hiyo nafuu. Na miaka miwili ni mirefu kwa mtu anayeishi kwa jina la mwingine.

Hapo kwenye jina ndipo ningependa ukae zaidi.

Hukutaja shirika, na umefanya vizuri. Wenye nyumba wa umma hapa mjini wako kadhaa: Shirika la Nyumba la Taifa, Wakala wa Majengo, halmashauri, mifuko ya hifadhi ya jamii. Kila mmoja ana mkataba wake, lakini kuna sharti utalikuta karibu katika yote: mpangaji haruhusiwi kumpangisha au kumwachia mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi. Sasa tazama alichokuambia shangazi. Yeye anaondoka, wewe unaingia, risiti zinatoka kwa jina lake, na kila mwezi anapokea fedha kutoka kwako. Yeye anaita ni kusaidiana, na naamini anamaanisha hivyo. Afisa wa shirika akija kufanya uhakiki akakuta mlango unafunguliwa na mtu asiye kwenye faili, ataita jina jingine. Mkataba wa shangazi unaweza kuvunjwa, na wewe huna hata karatasi moja ya kumwonyesha inayosema umewahi kulipa. Shangazi anayo Muheza. Wewe utakuwa umeshaiachia Tabata.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Je, umeona taarifa ya deni? Kodi za mashirika haya hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na ofisi inaweza kumtolea mpangaji taarifa yake yote. Simtuhumu shangazi, ila mzee anayelipa mwezi kwa mwezi kwa miaka mingi anaweza kuwa na malimbikizo ambayo hata yeye hayajui: kodi ilipanda, yeye akaendelea kulipa ile ya zamani. Ukiingia kimyakimya unaingia na deni hilo, na siku dalali wa mahakama akija, vitakavyotolewa nje ni vitanda vyako.

Kuhusu binamu, sitaki umchukie. Mtoto aliyezaliwa ndani ya kuta fulani huziona zake, na hilo ni la kibinadamu. Hata hivyo, mpangaji akifariki warithi hugawana makabati na vyombo. Kuta zinabaki za mwenye nyumba. Mke au mtoto aliyekuwa akiishi humo anaweza kwenda kuomba aendelee, na mwenye nyumba ndiye anayekubali au kukataa. Kwa hiyo kilemba anachokudai ni bei ya kitu ambacho si chake wala si cha mama yake. Kilemba kimezoeleka kwenye fremu za Kariakoo, wewe unakijua kuliko mimi, na unajua pia kwamba ukishakitoa hakuna ofisi itakayokusikiliza ukisema umedhulumiwa. Kimya cha shangazi hapo ningekiuliza. Pengine hataki kugombana na mwanawe. Pengine anajua kitu hajakwambia.

Umenigusa uliposema wewe unataka tu kupumua. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kinachowakaba zaidi ni ule mkupuo wa miezi sita kuliko kiasi chenyewe. Nyumba inanuna mwezi wa kodi, si kila mwezi. Hilo ndilo jambo zuri hasa la kupanga kwa shirika la umma, kuliko hata bei: unalipa unavyopata mshahara, dalali hachukui kodi ya mwezi mmoja, kuna mkataba wa maandishi, na mwenye nyumba hakuamshi usiku kwa kuwa mtoto wake kaoa na anataka chumba. Wanaopanga kwa watu binafsi hawana kinga kubwa. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo anayepandisha kutoka 350,000 hadi 400,000 hana anayemuuliza.

Lakini usiichukulie kodi ya Ilala kama kitu cha milele. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, nchi ikiwa changa, kazi yake ya mwanzo ikiwa kuondoa vibanda na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini, Magomeni na kwingineko. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya watu binafsi yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Ndiyo maana Dar ina watu wa makamo kama shangazi yako waliokaa katika vyumba vya katikati ya mji kwa kodi ambayo jirani wa Tabata hawezi kuiota. Siku hizi mashirika haya yanatakiwa yajiendeshe kibiashara. Nyumba mpya wanazojenga nyingi ni za kuuza, na nyumba kongwe zinapopata mpangaji mpya, kodi inaweza kukaguliwa upya. Ile 170,000 huenda ni bei ya shangazi, si bei ya nyumba.

Na uvumi wa kubomolewa? Usiupuuze, wala usiuogope kupita kiasi. Magomeni Kota nyumba zilibomolewa, wakazi wakatawanyika wakipanga huku na kule kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi watajengewa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa kwa ajili ya kaya 644. Walisubiri sana, lakini walikuwa na orodha. Jiulize siku orodha kama hiyo ikiandikwa Ilala, jina litakaloandikwa ni la nani. Hata shirika likiamua kuwauzia wapangaji, jambo linalowezekana tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, atakayepelekewa barua ni shangazi, na baada yake atasimama binamu wa Temeke.

Kwa hiyo iko njia ya pili ambayo hukuiandika: wewe na shangazi mwende ofisini pamoja, mchana kweupe, akiwa bado anaishi humo. Aulize kama anaweza kukabidhi nyumba na wewe ukaomba kupangishwa, au kama ndugu anayeishi naye anaweza kuingizwa kwenye faili. Nakuonya kuna hatari za kweli. Wanaweza kusema nyumba ikirudi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya maombi. Wanaweza kukukubalia kwa kodi mpya. Au mkaondoka na karatasi ya kujaza na kusubiri kusikojulikana mwisho. Na shangazi anaweza kukukasirikia, kwamba alikupa asali wewe ukaenda kuwaonyesha wenye mzinga. Ukishauliza huwezi kurudi nyuma ukajifanya hukuuliza. Lakini mkikubaliwa, utalala humo kwa jina lako, na bomba likivuja utaripoti bila kujificha. Hili la bomba usilidharau. Anayeishi kinyemela hulipia matengenezo mwenyewe, kwa sababu anaogopa kumwita fundi wa mwenye nyumba.

Sasa mume wako. Anaposema nyumba za shirika zinalaza watu, mfano wa kumjibu mnao nyumbani: shangazi alijenga Muheza akiwa mpangaji wa ghorofa ya tatu. Kodi nafuu ilimpa nafasi, akaitumia. Wapo majirani zake walioipata nafasi ile ile na leo hawana hata kiwanja, kwa hiyo na yeye mume hajakosea kuogopa. Swali la kumuuliza, taratibu, siku ambayo mwenye nyumba hajapiga simu, ni hili: tukipata ile 130,000, itaonekanaje Chanika? Kama mnaweza kukubaliana itoke kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote, iwe mabati, iwe nondo za lenta, huenda hoja yake ikalegea. Kama hamwezi kukubaliana hata kwenye karatasi, basi huenda anawafahamu ninyi wawili vizuri kuliko unavyotaka kukiri.

Ila nina wasiwasi na jambo jingine, na naomba usilitamke kwa ukali. Mwanaume kwenda kuishi nyumbani kwa shangazi wa mkewe, kwa jina la shangazi, huku binamu wa mke akipita kukumbusha kuwa ni nyumba yao, si jambo jepesi. Huenda anasema "kulala" kwa sababu hawezi kusema "aibu". Msikilize kwenye hilo, usimshinde kwa hesabu.

Chanika kwenyewe nisikuogopeshe. Dar yote ya pembezoni imejengwa hivyo, watu wakihamia na madirisha ya mabanzi, na leo wanauza maji kwa majirani. Faida yake hakuna atakayewapandishia kodi. Lakini muulizane mambo madogo: umeme uko nguzo ya ngapi, maji ni ya kisima au ya kununua kwa dumu, shule ya watoto ni ipi, na wewe utatoka saa ngapi ili ufungue fremu saa mbili. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi kila siku ni kodi pia, ila hailipwi kwa dalali. Hivi mume amewahi kuipanda hiyo daladala alfajiri? Nendeni wote wawili siku ya kazi, si Jumapili, mkaone.

Kuna hatua ndogo ambayo haiwafungi popote. Mrudieni mwenye nyumba wa Tabata kabla ya mwezi wa nane kuisha. Ninyi ni wapangaji wa muda mrefu, mnalipa, hamna kesi. Mwombeni apokee miezi mitatu mitatu, hata kama 400,000 inabaki pale pale. Baadhi yao hukubali, kwa sababu nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja inamla zaidi. Akikataa, mmepoteza simu moja. Akikubali, mmepata muda wa kwenda Ilala na Chanika bila saa ukutani.

Na kabla ya ofisi, kabla ya binamu, kaa na shangazi peke yenu. Muulize kitu kimoja: hiyo laki ya kila mwezi ni ya nyumba au ni ya malezi? Kama ni ya malezi, nadhani moyo wako ungetaka kumtumia hata ukibaki Tabata, labda si laki, labda elfu hamsini, na basi usiihesabu tena kwenye kodi. Kama ni ya nyumba, na yeye aambiwe waziwazi kwamba huo ni upangishaji, na kwamba faili likifunguliwa jina litakalochafuka ni lake, katika umri ambao anatakiwa awe anapunga upepo Muheza. Sidhani kama ameliwaza hivyo. Wazee wetu wengi waliziona nyumba hizi kama zawadi ya taifa, na zawadi hugawiwa.

Mkishazungumza, niandikie alichojibu, na binamu mwambieni baada ya hapo.